Mnawauzia Watu Mlango Ulio Wazi: Acheni Kuwatisha Wanaotaka Kuanza D&D Mtandaoni

Haya wadau, leo hakuna ubuyu wa nani kamuacha nani. Leo povu ni langu mimi, nalitoa lote, na nyie mtalitoa la kwenu kule chini.

Kuna kaka mmoja mjini hapa, jina kapuni, wafuasi anao wa kutosha, kompyuta yake inawaka taa za rangi zote kama baa ya Sinza siku ya Ijumaa. Kaka huyu kashtukia kwamba vijana wa Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa wanaulizia sana zile gemu za kuigiza mhusika, hasa Dungeons & Dragons, D&D kwa kifupi, ambayo wengi wetu tuliiona kwenye Stranger Things, wale watoto wamezunguka meza wanarusha dadu na kupiga kelele. Watu wanauliza: "Hii kitu naanzaje?" Yeye badala ya kujibu, kafungua kozi. Ada yake inakaribia kodi ya mwezi ya chumba kimoja Mbagala. Na ndani ya kozi kuna nini? Nimeonyeshwa na mtu aliyelipa. Kuna linki. Linki za vitu ambavyo ni vya bure kwa yeyote mwenye bando.

Kuna wa pili, yeye ana meza yake mtandaoni, anaendesha gemu kila wiki, na mgeni akiingia anachekwa mpaka anajitoa mwenyewe. Na kuna wa tatu, mtumishi wa kwenye video fupi fupi, anawaambia wazazi kwamba mtoto akirusha dadu ya pande 20 kafungua mlango wa kuzimu.

Hawa watatu sidhani kama wanajuana. Ila kazi yao ni moja: kumfanya mtu anayetaka kuanza aamini kwamba hawezi. Wa kwanza anamwambia huna hela, wa pili huna akili, wa tatu huna Mungu. Sasa leo tuwajibu mmoja baada ya mwingine.

KWANZA, HII KITU NI NINI?

Kwa wale ambao ndio wanaisikia leo, tusiachane njiani. Mnacheza watu wanne, watano hivi. Mmoja wenu ni msimulizi. Kwenye D&D wanamwita Dungeon Master, yaani DM, na hii DM sio ile ya kumwandikia mtu "mambo" saa sita usiku. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, mwimbaji, mtakavyo. Msimulizi anaeleza mlipo na kinachotokea, nyie mnasema mnafanya nini. Jambo likiwa na uwezekano wa kushindikana, unarusha dadu.

Mfano mdogo. Msimulizi anasema: "Mmefika geti la ghala. Walinzi wawili. Mmoja kasinzia, mwingine anakula mhindi wa kuchoma." Wewe unasema: "Namfuata huyo wa mhindi, namwambia mimi ni mkaguzi nimetoka makao makuu." Msimulizi anakwambia rusha. Dadu kuu ya D&D ina pande 20. Umepata 13, unajumlisha namba ya ushawishi ya mhusika wako, tuseme 3, inakuwa 16. Msimulizi alikuwa anataka 15. Umepita! Mlinzi anafuta mdomo, anakufungulia geti, anakuita "mkuu". Ungepata 4 hapo, ingekuwa stori nyingine, na mara nyingi hiyo stori nyingine ndiyo inayochekesha zaidi.

Basi. Hiyo ndiyo gemu. Zipo dadu za pande 4, 6, 8, 10 na 12, zipo sifa sita za mhusika, kuna nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Yote hayo utayajua huku unacheza. Hivi karata ulifundishwa kwa kozi? Ulikaa pembeni ukaangalia, ukapewa karata, ukafungwa mara tatu, ukaelewa. Leo unawafunga wajomba zako. Hapa pia ni vile vile.

WEWE WA "HUNA HELA"

Kaka wa kozi anasema lazima uwe na vitabu. Vitabu vipo kweli, na vina bei yake. Kitabu cha mchezaji cha toleo la 2024 kilitoka kikiuzwa dola 49.99, na vitabu vikuu viko vitatu. Ukishapiga hesabu hiyo kwa shilingi zetu, kozi yake inaonekana ahueni. Hapo ndipo anapokukamata.

Asichokwambia ni hiki. D&D ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Leo inamilikiwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro, wale wale wa Monopoly. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya ambayo ingewabana watu wanaotengeneza hadithi na vitabu vyao kwa kutumia kanuni za gemu hiyo. Wachezaji wakachachamaa. Wakaanza kufuta malipo yao ya kila mwezi kwenye D&D Beyond, tovuti ya kampuni yenyewe. Kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma. Tena haikurudi mikono mitupu: waraka wa kanuni za msingi, unaozidi kurasa 400, ukawekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Mwaka 2025 wakafanya hivyo hivyo kwa kanuni zilizoboreshwa.

Leseni hiyo kwa Kiswahili cha kitaa ni hivi: unapakua bure, unachapa, unatafsiri, unarekebisha, hata unachotengeneza juu yake unaweza kuuza, ilimradi useme msingi umeutoa wapi. Na kampuni ikibadili mawazo kesho haiwezi kukunyang'anya.

Sasa tulia ufikirie. Watu walikasirika, wakafunga pochi zao, kitu kikawa cha wote mpaka wewe uliyepo Tandika. Halafu anatokea mtu anakiweka nyuma ya namba ya malipo. Huko ni kukusanya ushuru kwenye barabara ambayo hukuchimba hata mtaro wake.

Na wala D&D haiko peke yake. Pathfinder, ya kampuni ya Paizo, kanuni zake unazisoma bure kwenye Archives of Nethys, na kampuni yenyewe imebariki. Zipo pia gemu ambazo kanuni zake zote zinaenea ukurasa mmoja. Nitairudia moja huko mbele, maana ndiyo dawa.

Najua utetezi wake, nimeshausikia: "Nauza muda wangu na ujuzi wangu, kwani fundi hafanyi bure." Hoja hiyo nzuri, tuipime. Wapo wasimulizi wanaolipwa duniani, na mimi sina ugomvi nao hata kidogo. Mtu anaandaa hadithi, anakaa na nyie saa tatu nzima, anaigiza sauti za walinzi na wafalme, anawabeba mpaka mwisho. Huyo alipwe, kafanya kazi. Lakini kukusanya linki za bure, kuzipa jina la kutisha, kisha kumwambia mgeni kwamba bila hizo hawezi kuingia, huo ujuzi uko wapi? Ukitaka kuuza, uza gemu. Kaa mezani, simulia. Tutakulipa na tutakusifia.

NA HABARI YA KOMPYUTA

Eti lazima uwe na kompyuta ya nguvu. Hapana bwana. D&D ilizaliwa kwa penseli na karatasi.

Ukiingia mtandaoni, mnachohitaji ni sehemu ya kuongea na sehemu ya kurusha dadu. Kuongea, wengi wanatumia Discord, ambayo inafanya kazi kwenye simu, na chumba cha sauti kinakula bando kidogo kuliko video, kwa hiyo zimeni kamera. Kurusha dadu, andika "roll d20" kwenye Google, linakuja lenyewe. Mkitaka ramani, Roll20 ina akaunti ya bure na ipo tangu 2012, na Owlbear Rodeo inafunguka kwenye kivinjari, msimulizi anawatumia linki mnaingia. Foundry ni ya kununua, dola 50 mara moja, ila anayenunua ni msimulizi peke yake, wachezaji hawalipi. Mwanzoni hata usiiguse.

Niwe mkweli: ramani kubwa kwenye skrini ya simu ni mateso. Utabonyeza zimwi ukidhani ni mwenzako. Ndiyo maana nawashauri mnaoanza kwa simu msicheze na ramani kabisa. Msimulizi aeleze kwa mdomo, nyie muone kwa kichwa. Miaka yote watu wamecheza hivyo na hawakufa.

Huna muda wa kukaa saa mbili mfululizo? Chezeni kwa maandishi. Grupu la WhatsApp linatosha. Msimulizi anaandika asubuhi mmefika wapi, wewe unajibu ukiwa umebanwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mwingine anajibu mchana akitoka kula. Gemu inakwenda polepole kama tamthilia, lakini inakwenda.

WEWE WA "HUNA AKILI"

Sasa nakuja kwako, mwenye meza. Na hapa ndipo povu langu lilipo hasa.

Dada mmoja alinitumia skrinishoti za meza yako. Kaingia mara ya kwanza, kauliza swali ambalo kila mgeni duniani anauliza: "Hapa narusha dadu ipi?" Mkacheka. Akajaribu kuongea kwa Kiingereza kwa sababu mlimwambia meza ni ya Kiingereza, wewe ukaiga lafudhi yake mbele ya watu. Akavumilia. Wiki iliyofuata ukaamua kwamba mhusika wake, kwenye kilabu cha pombe, ashikwe shikwe na walevi. Akasema hapana, hiyo sipendi. Ukamjibu: "Tulia, ni gemu tu."

Ni gemu tu? Kama ni gemu tu, kwa nini usiifute hiyo sehemu? Ingekuchukua sekunde tatu. Ungesema "sawa, hao walevi hawapo, endelea," na maisha yangesonga. Hukuifuta kwa sababu raha yako haikuwa kwenye hadithi. Raha yako ilikuwa kuona mtu anakosa raha huku huna wa kukugusa. Na yule dada hakurudi. Wala hajajaribu meza nyingine mpaka leo, kwa sababu anaamini meza zote ziko hivyo.

Wadau, shikeni hili, maana hakuna kaka wa kozi atakayewaambia. Watu wa michezo hii walishalifikiria tatizo hili miaka mingi, na dawa zipo.

Ya kwanza inaitwa kikao sifuri. Kabla hamjacheza, mnakaa mnaongea: tunataka hadithi ya aina gani, ya kuchekesha au ya kutisha, tutacheza saa ngapi, nani hapatani na nini. Hapo ndipo mnaweka mistari na mapazia, utaratibu uliotokana na mbunifu wa gemu Ron Edwards. Mstari ni jambo ambalo halitatokea kabisa kwenye hadithi yenu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea lakini halionyeshwi, kama kwenye tamthilia wanapofunga mlango halafu tunaona kumekucha.

Ya pili ni kadi ya X, aliyoibuni John Stavropoulos. Mtandaoni ni rahisi zaidi kuliko mezani: mtu yeyote akiandika herufi X kwenye maongezi, kilichokuwa kinasimuliwa kinarukwa. Hakuna anayeulizwa kwa nini. Hakuna kujieleza.

Kwa hiyo wewe mgeni, kabla hujaingia meza ya watu usiowajua, uliza maswali mawili tu: "Mna kikao sifuri? Mtu akitaka kuruka kitu anafanyaje?" Meza nzuri itakujibu kwa dakika moja na itafurahi umeuliza. Wakianza kukucheka, umeshapata jibu, toka. Hujakosa kitu. Usitoe namba yako ya simu, mtaa unaokaa wala jina la chuo chako kwa watu uliokutana nao juzi. Discord yenyewe umri wa chini ni miaka 13, na kama hujafika 18, mimi nakushauri ucheze na watu unaowafahamu kwa sura. Sikutishi, nakupa ulinzi ule ule ninaompa mdogo wangu.

Na mwenye meza, suala moja la mwisho. Najua unamwangalia sana Matthew Mercer wa Critical Role, unajaribu zile sauti. Vizuri. Lakini wale walioanza kurusha kipindi chao mtandaoni 2015 ni waigizaji wa sauti, hiyo ndiyo kazi inayowalipa. Mwaka 2019 mashabiki waliwachangia zaidi ya dola milioni 11 kutengeneza katuni. Kumpima mtu aliyeanza Jumanne kwa kipimo hicho ni sawa na kumcheka mtoto wa chandimu kwa sababu hachezi kama walioko Ligi ya Mabingwa. Mgeni haji mezani kukupigia makofi. Anakuja kucheza.

WEWE WA "HUNA MUNGU"

Mtumishi, shikamoo. Nakuheshimu, na kwetu tumelelewa kuheshimu. Lakini haya unayoyasema si mapya, na hayakuanzia kwenye maono. Yalianzia Marekani zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa Michigan State University alipotea. Mpelelezi aliyekodiwa akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda ni D&D. Ikawa stori ya nchi nzima. Baadaye ikajulikana kijana alikuwa amebeba mizigo mingine mizito kabisa moyoni, na gemu haikuwa chanzo. Lakini hofu ilikuwa imeshapata miguu. 1982 ikatoka filamu ya Mazes and Monsters, Tom Hanks akiwa bado kijana, inamwonyesha mchezaji anayechanganyikiwa. 1983 mama mmoja aliyempoteza mwanawe akaanzisha kikundi cha kupinga gemu hii, akiamini ndiyo iliyomuua. Mama yule ninamwonea huruma, hakuna mzazi anayestahili maumivu yale. Ila maumivu ya kweli hayawi ushahidi. Watoto waliokatazwa miaka ile leo ni watu wazima, wanacheza na watoto wao sebuleni.

Hoja yako kubwa ni kwamba kuna mapepo na uchawi kwenye gemu. Vipo, ndiyo. Na vipo kwenye filamu zetu za Bongo kila wiki, vipo kwenye hadithi za bibi zetu, zimwi na sungura na majini ya baharini. Aliyeigiza mchawi kwenye filamu jana leo umempungia mkono sokoni, hukumkimbia. Mtu anayesema "mhusika wangu anarusha moto" anajua fika kwamba yeye amekaa kwenye kochi na moto pekee uliopo ni wa jiko la mkaa.

Na kama dhamiri yako bado inakataa, sawa, dhamiri ni yako. Chezeni gemu isiyo na uchawi. Zipo za upelelezi, za anga za juu, za wizi wa benki. Zipo za dubu, nitawaambia sasa hivi. Ila usisimame mbele ya mama wa watu ukamwambia mwanawe kapotea, wakati kijana anachofanya Jumamosi usiku ni kukaa nyumbani na marafiki wanne, hajanywa, hajabeti, anajifunza kuongea mbele za watu. Ukitaka kumwonya kuhusu muda, mwonye, hilo nakubaliana nawe. Gemu ikila shule au kazi, ni mbaya kama kitu chochote kinachokula shule au kazi.

KISWAHILI KIPO, TUKITUMIE

Meza nyingi za wazi mtandaoni zinaendeshwa na watu wa Marekani na Ulaya. Hapo mgeni wetu anakutana na ukuta mwingine: saa. Mmarekani wa New York akiandika tunaanza saa mbili usiku, kwako Dar au Nairobi ni saa tisa usiku, na majira yao ya baridi inakuwa saa kumi alfajiri. Utaamka kama zombi. Meza za Uingereza ni nafuu: saa moja jioni ya London ni saa tatu usiku hapa, au saa nne wakati wa baridi yao. Ukitafuta meza, angalia saa kwanza, mengine baadaye.

Lakini hoja yangu ni kubwa kuliko saa. Kwa nini tunaenda kuomba kiti kwa watu, tukiwa na aibu ya lafudhi, wakati mchezo wenyewe ni kitu tunachokifanya tangu tukiwa wadogo? Bibi anasema paukwa, mnajibu pakawa. Anasimulia, mnamkatiza, mnamuuliza, mnapiga kelele sungura asiingie kwenye mtego. Ongeza dadu tu hapo, mko mezani tayari.

Hadithi hatuna? Kilwa Kisiwani ni mji wa mawe uliokuwa ukifanya biashara ya dhahabu, Ibn Battuta alifika pale 1331. Magofu ya Gedi yapo kule Kilifi, mji mzima umezungukwa na msitu. Wewe msimulizi ukiwaambia wachezaji wako wameshuka kwenye jahazi usiku bandarini Kilwa na kuna mtu anawafuata, hakuna atakayekuuliza hilo zimwi la Ulaya linatamkwaje. Na leseni ile ya 2023 inakuruhusu kutafsiri kanuni kwa Kiswahili kuanzia leo. Kaka wa kozi, ungefanya hilo ningekuchangia mwenyewe.

HAYA, UNAANZAJE WIKI HII

Mmoja wenu apakue Honey Heist, ya Grant Howitt, ya mwaka 2017. Ni ukurasa mmoja. Nyie ni dubu. Mnaenda kuiba asali kwenye maonyesho makubwa ya asali. Ndiyo, umesoma vizuri.

Kila dubu ana namba mbili tu: Udubu na Ujambazi, zote zinaanza na 3. Ukifanya jambo la kidubu, kama kuvunja mlango, unarusha dadu ya kawaida ya pande 6, ile ya ludo, na unatakiwa upate namba sawa na Udubu wako au chini yake. Ukifanya la kijambazi, kama kujifanya mhudumu, unapimwa kwa Ujambazi. Mpango ukiharibika, pointi moja inahama kutoka Ujambazi kwenda Udubu. Ukienda vizuri, inahama kurudi. Udubu ukifika 6, umepagawa, wewe ni mnyama tu sasa. Ujambazi ukifika 6, umepotelea kwenye uhalifu. Na kuna kofia, maana dubu bila kofia atajifichaje?

Tafuta watu watatu unaowapenda. Anzisheni grupu. Chagueni siku moja, saa mbili tu, kwa mfano Jumapili saa kumi jioni. Tumieni dakika kumi za kwanza kwa kikao sifuri: nini hatutaki kwenye hadithi yetu, na herufi X ndiyo breki. Zimeni kamera, fungueni maiki, chezeni kwa Kiswahili. Msimulizi asiandae kurasa 20, aandae vitu vitatu: asali iko wapi, nani anailinda, kitu gani kitaharibika. Mkikwama kwenye kanuni, msimulizi aamue, mwendelee, mtaangalia kesho. Mkimaliza ulizaneni nini kilikuwa raha.

Mkipenda, wiki ijayo mnahamia D&D na zile kanuni za bure, mnaanza levo ya kwanza kwa hadithi fupi ya kikao kimoja. Msirukie kampeni ya mwaka mzima. Kampeni nyingi hufa kwa ratiba, sio kwa zimwi.

Gharama ya haya yote ni bando la saa mbili.

Kwa hiyo kaka wa kozi, mwenye meza na mtumishi, naomba kila mmoja afanye jambo moja. Kaka, weka zile linki wazi, halafu uza kitu ulichotengeneza wewe. Mwenye meza, mwandikie yule dada, muombe radhi bila "lakini". Mtumishi, omba ukae pembeni ya meza jioni moja, uangalie dubu wanaiba asali, halafu ndiyo uhubiri.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa huku unasema "mimi siwezi", nani kakwambia? Mtaje huko chini, jina kapuni ruksa. Aliye tayari kusimulia kwa Kiswahili aseme siku na saa, asiye na watu aseme yupo mji gani, mpangane wenyewe kwa wenyewe. Uwanja wenu, toeni povu.